Simba Akivunja Boma: Ya Kufanya Kabla na Baada

Kunakucha, na mbuzi watatu wamelala chini, koo zimetobolewa. Kwa mfugaji wa Kitengela hili si jambo geni. Mbuga ya Nairobi haina ua upande wa kusini. Ukivuka mto Mbagathi uko kwenye malisho ya watu, na simba huvuka akitaka.

Kitu cha kwanza ni kuzuia hasira, maana vijana watachukua mikuki kabla chai haijachemka. Juni 2012, simba sita waliuawa Ilkeek-Lemedung'i, karibu na Kitengela, baada ya kula mbuzi. Kutia sumu kwenye mzoga ni vibaya zaidi: ni kosa la jinai, na wanaotangulia kufa ni tai na mbwa wako mwenyewe.

Acha mizoga pale ilipo. Pigia simu ofisi iliyo karibu ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na umjulishe chifu asubuhi hiyo hiyo. Piga picha za majeraha, nyayo na pengo alimopitia mnyama. Nyayo ifunike kwa sufuria, kwa sababu ng'ombe wakishatoka hakuna atakachokikuta askari.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaruhusu madai ya mifugo iliyouawa na wanyama walioorodheshwa humo; simba, chui, fisi na duma wamo. Fomu huenda kwa kamati ya kaunti inayoshughulikia uhifadhi na fidia. Kamati ikishahakiki hupeleka mapendekezo KWS, na malipo hufuata bei ya soko. Kwa hiyo andika mbuzi wa aina hiyo alikuwa akiuzwa ngapi katika soko la Bissil wiki ile. Mtu akiuawa, sheria hiyo imetaja shilingi milioni 5. Ulemavu wa kudumu, milioni 3. Jirani zetu Tanzania hawaiti malipo haya fidia, bali kifuta jasho na kifuta machozi. Naona wao wamesema kweli zaidi, maana hata hapa pesa huchelewa, na ng'ombe wa maziwa hangoji miaka.

Sasa sehemu ambayo wengi hawaisomi. Sheria inasema hulipwi kama hukuchukua hatua za kutosha kulinda mifugo yako. Boma la miiba iliyolegea linaweza kukunyima kila kitu, hata kama simba ameonwa na kijiji kizima. Ziba mapengo sasa, weka mlango imara, kisha piga picha boma likiwa zima na uihifadhi ikiwa na tarehe. Taa za kumetameta pia husaidia. Richard Turere alizibuni akiwa mvulana mchungaji papa hapa Kitengela, kwa betri ya gari, paneli ya sola na kiwashio cha indiketa ya pikipiki. Simba huzidhani ni mtu anayezunguka na tochi.

Kulikuwa pia na njia nyingine ya kulipwa: kuanzia mwaka 2000, wenye ardhi hapa walipewa dola 4 kwa ekari kila mwaka wasiweke ua wala kuuza vipande, na pesa zikaja wakati wa karo. Ukisikia mpango kama huo tena, soma mkataba wote kabla ya kutia sahihi.

Dai lako likikataliwa, au ukipewa kidogo, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira. Siku hizo zinahesabiwa tangu ujulishwe uamuzi, basi andika tarehe juu ya bahasha siku ile ile inapokufikia.