Droo Ikikwama, Tazama Mgongo wa Kabati

Pasipoti ya Baba Watoto ilikuwa ndani ya droo ya tatu, na droo ya tatu ilikataa kufunguka. Nje alfajiri hiyo lori lake lilikuwa limekaribia geti la mpakani Malaba, mzigo ukienda Juba, na yeyote anayeijua foleni yetu anajua kwamba ukiipoteza nafasi yako hakuna wa kukurudishia. Tulivuta, tukatikisa, tukapiga ubavu wa kabati kwa ngumi. Mwishowe aliichomoa droo ya pili, akapitisha mkono kwa juu, akatoa bahasha yenye pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, akakimbia bila chai. Mimi nilibaki na kabati lile na hasira zangu.

Ni kabati la vipande: unanunua kimoja leo, ukipata pesa unaongeza kingine juu yake au kando. Langu ni la chipbodi yenye ngozi ya rangi ya mninga, droo sita. Nililinunua Busia mjini, duka silitaji. Muuzaji aliapa kwamba limetoka Dubai. Huku mpakani kila kinachotafutiwa bei ya juu huwa kimetoka Dubai, na mimi nasema muuzaji anayekutajia Dubai kabla hajakuonyesha jinsi kitu kilivyoungwa anakupotezea muda. Nilitaka lisafirishwe likiwa limefunguliwa, niliunge mwenyewe nyumbani. Akakataa, akasema vijana wake wameshaliunga vizuri. Likafungwa juu ya pikapu likiwa limeegemea upande mmoja, likarushwarushwa kupitia Alupe na Adungosi mpaka Malaba.

Kabla ya siku ya pasipoti droo zilikuwa zimeanza ukaidi, nikaita fundi. Alizitazama kidogo tu, akasema, "Mwalimu, hii ni mvua. Imefura." Akatoa randa. Nilimwambia, "Fundi, tupime kwanza," akanijibu kwamba kazi hiyo ameifanya tangu ujana wake. Akaziparuza droo mbili ubavuni. Mpaka leo zile droo mbili ndizo zinazonisumbua kuliko zote, na sababu nitaieleza.

Mvua huleta ukaidi huo kweli, simpingi kwa hilo. Kuanzia Machi hadi Mei hewa ya huku hujaa unyevu, na mbao halisi hufura. Lakini mbao hufura kwa upana wake, kukatisha nyuzi. Kwa urefu haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana droo ya mbao, masika yakifika, hubana juu na chini, si nyuma na mbele. Wanaoteseka zaidi ni walionunua fanicha ya mbao mbichi. Tangu ukataji miti katika misitu ya umma nchini Kenya ulipopigwa marufuku Februari 2018, hadi Rais alipotangaza kuiondoa marufuku hiyo Julai 2023, mafundi wetu walizidi kutegemea mbao za ng'ambo, Uganda na Kongo. Mbao ni nzuri, mvule hasa, lakini mvule uliopasuliwa juzi ukafanywa droo leo utakauka ndani ya chumba chako cha kulala na kujipinda huko huko. Chipbodi nayo ina tabia yake: ni vumbi na vipande vya mti vilivyogandamizwa kwa gundi, na ikishakunywa maji hufura isirudi tena hata ukiianika jua la Januari. Kilichobaki kuilinda ni ile ngozi ya juu. Ukipitisha randa, umeichuna ngozi, na bodi imebaki wazi kunywa unyevu kila msimu. Hilo ndilo alilozifanyia droo zangu.

Sasa niseme jinsi ya kujua ugonjwa ulipo. Funga droo zote, simama mbele ya kabati, tazama mwanya ulio juu ya uso wa kila droo. Mwanya ukiwa sawa toka kushoto hadi kulia, tatizo lako ni kufura au reli. Mwanya ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, tena droo zote zikiegemea vivyo hivyo, waache mafundi wa randa huko waliko: kabati limelala upande. Chukua ganda la kiberiti, libane pembeni kidogo mpaka pembe zake zipinde, halafu jaribu kukisukuma kisanduku cha ndani. Kisanduku hakina kosa lolote, lakini hakipiti.

Kinacholizuia kabati lisilale ni mgongo, yaani ile bodi ya nyuma. Watu hudhani imewekwa kuzuia vumbi. Hiyo ndiyo inayozishika pembe nne zibaki nyoofu, na misumari yake ikilegea barabarani, mbavu mbili na kifuniko cha juu haviwezi kujishikilia vyenyewe. Nilipoligeuza langu nilikuta hadibodi ya milimita 3 na vimisumari vilivyopigwa mbalimbali, nusu yake vimeng'oka. Hapo nikajua nani wa kulaumiwa, na hakuwa mvua.

Pima hivi. Toa droo zote. Zile zenye reli za chuma zinazorefuka zina kiulimi cheusi cha plastiki kila upande. Kimoja hubonyezwa juu na kingine chini, vyote kwa wakati mmoja, ndipo droo ichomoke. Wengi huzing'oa kwa nguvu wakazivunja hapo. Lilaze kabati kifudifudi juu ya blanketi. Chukua uzi wa mwashi au kamba ya katani isiyovutika, uunyooshe kutoka pembe moja ya juu hadi pembe ya chini ya upande wa pili, utie alama, kisha upime pembe zile nyingine mbili. Nyuzi mbili zikilingana, kabati ni nyoofu. Langu lilitofautiana kwa upana wa kidole gumba. Kwa droo ya reli hiyo ni tofauti kubwa mno, maana reli za kawaida za mipira ya chuma hutaka nafasi ya nusu inchi, milimita 12.7, kila upande, wala hazisamehi zaidi ya milimita moja hivi.

Kulinyoosha ndiko kulikonishinda kwa muda. Nilisukuma kwa bega, likanyooka. Nikiachia nipige msumari, linarudi. Mikono ya watoto haikutosha. Aliyenifundisha ni mzee jirani yetu anayetengeneza baiskeli karibu na stendi, mtu aliyeendesha bodaboda ya baiskeli miaka ile ya mwanzo, usafiri huo ulipoanzia hapa hapa mpakani. Alikuja kwa sababu alisikia nyundo. Akatazama, akasema, "Mwalimu, nyundo hainyooshi. Subiri." Akarudi na mpira mrefu uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, ule ule wanaofungia magunia na makreti.

Alitaka kwanza kujua pembe zipi mbili ziko mbali zaidi. Akazikunjia vipande vya katoni ili bodi isichubuke, akauzungusha mpira kuzunguka pembe hizo mbili, akauvuta raundi baada ya raundi. Kila raundi mpira ulizisogeza karibu zile pembe polepole, bila kishindo. Mimi nilishika pembe moja mpira usiteleze, mtoto wangu mkubwa alikaa na uzi akipima. Nyuzi zilipolingana mzee hakusimama. Aliongeza raundi moja, pembe zikapita kidogo, kisha akalegeza zikarudi pale pale penye usawa. Anasema ukiishia kwenye usawa wenyewe, kabati hurudi nyuma kidogo ukiachia, na nimelishuhudia hilo. Mpira ukiwa bado umekaza, nikapaka gundi nyeupe ya mbao kuzunguka ukingo wote, nikalaza mgongo mpya wa plaiwudi, nikapiga skrubu ndogo kila baada ya upana wa kiganja, nikianza na pembe nne. Mpira ulikaa hapo usiku kucha. Asubuhi tuliufungua, kabati halikucheza hata unywele.

Droo nne ziliingia na kutoka kwa kidole kimoja. Nilizifungua na kuzifunga mpaka watoto wakacheka. Zile mbili zilizorandwa sasa ni nyembamba kuliko nafasi yake, reli inaning'inia na mipira inataka kutoka. Nimezitilia vipande vya katoni ngumu nyuma ya reli kujaza pengo, zinakwenda, lakini si kama zile nne.

Baada ya hapo iangalie sakafu. Nyumba nyingi za kupanga huku sakafu ya saruji imeteremshwa kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya kupigia deki yatoke, na kabati jipya likiwekwa hapo huanza tena kulala. Laza juu yake chupa ya soda iliyojaa maji nusu. Maji yatakuonyesha upande ulioshuka. Chini ya mguu wa upande huo weka kipande cha soli ya ndala. Mpira haunywi maji, kwa hiyo unaikinga chipbodi na deki vilevile. Weka hata kwenye miguu isiyohitaji kuinuliwa, ukitumia soli nyembamba.

Mengine ni mepesi. Reli za mbao zisugue kwa mshumaa au kipande cha sabuni kikavu. Mafuta ya kupikia yasikaribie, hukusanya vumbi yakawa gundi. Reli za chuma zifute, tone moja la mafuta ya cherehani latosha. Reli ikishapinda usiinyooshe, nunua nyingine. Za Hettich na Blum ni ghali lakini ndizo ninazoziamini. Za bei ya chini zisizo na jina huwa nazifungua na kuzifunga dukani mbele ya muuzaji, akikasirika naondoka.

Na ukivuta droo iliyokwama, mtu alishike kabati, watoto wakae mbali. Mwaka 2016 IKEA ililazimika kuyaita tena makabati ya droo yapatayo milioni 29 nchini Marekani kwa sababu yalikuwa yakiangukia watoto na wengine walikufa. Kipande cha chuma na skrubu mbili za ukutani ni bei ya soda chache. Fungeni makabati yenu ukutani.

Kwa wauzaji wa Busia na Malaba nina ombi moja: wekeni mgongo wa plaiwudi ya milimita 6, mtuongezee bei, tutalipa. Nawe mnunuzi, kabla hujatoa pesa, ligeuze kabati uuone mgongo wake.