Fereti na Nyama Mbichi: Je, Mnofu Unatosha?

SWALI: Msomaji anayeishi Uingereza humlisha fereti wake minofu mibichi ya kuku pekee. Anauliza kama mlo huo unatosha.

JIBU: Hautoshi.

Fereti, mnyama wa jamii ya kicheche aliyefugwa Ulaya tangu kale kwa kuwinda sungura, ni mla nyama halisi. Utumbo wake ni mfupi, na chakula hupita kwa takriban saa 3 hadi 4, hivyo nafaka hazimfai. Lakini mnofu mtupu una fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mifupa ya fereti anayekula mnofu huo pekee hudhoofika.

Wafugaji wengi hufuata kipimo hiki: katika kila gramu 100, mnofu 80, mifupa 10, na viungo vya ndani 10, nusu yake ini. Moyo wa kuku huhesabiwa kama mnofu, nao una taurini nyingi, kirutubisho anachohitaji fereti. Ini lisizidi; vitamini A ikirundikana mwilini hudhuru.

Kwa upande wa mifupa, fereti apewe bawa la kuku likiwa bichi, kwani mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Fereti hupenda kuficha chakula, kwa hiyo blanketi lake likaguliwe kila siku. Vyombo na mikono vioshwe kwa sabuni kuzuia salmonela, na daktari wa mifugo aupitie mlo huo kabla haujaanza.