SOMO LA WANACHAMA: GARI LA BURUDANI NA DAFTARI LA NYUMBANI



Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo halimo katika masharti ya chama chochote, lakini matokeo yake huonekana katika leja za vyama vyetu. Ni gari linalomilikiwa kwa mapenzi: lile ambalo mwenyewe hakulinunua kwa ajili ya biashara wala kwa kulazimika, bali kwa kuwa moyo wake umelipenda. Katika somo hili tutaliita gari la burudani. Shabaha yetu si kumkataza mwanachama kuwa nalo. Shabaha ni kuonyesha namna ya kuliweka mahali pake, ili lisile mahitaji ya shule, mbolea ya shamba na akiba ya nyumba.

1. Mapenzi haya yana asili yake

Watu wa Arusha na Meru wana sababu ya kuyapenda magari, na hasa Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa kwa umma mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Bodi lake lilitengenezwa kwa aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa haba baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ile ndefu iitwayo 109, kwa sababu umbali baina ya ekseli zake mbili ni inchi 109, imebeba wagonjwa, magunia na watalii katika njia ambazo magari mengine yalizikwepa. Watoto waliokulia Leguruki, Ngarenanyuki na Momella waliliona likipita katika tope la masika. Si ajabu kwamba wengine walipokuwa watu wazima walitamani kuwa na lao.

Mwezi Oktoba 2024 lilifanyika Tamasha la Land Rover jijini Arusha, na mamia ya magari hayo yakakusanyika. Aliyeona msafara ule anaelewa kwamba gari kuukuu linaweza kuwa fahari ya mwenyewe na furaha ya watu. Zaidi ya hayo, anayelitengeneza gari lake kwa mkono hupata ufundi, na vijana wake hujifunza kushika spana.

Lakini yapo mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, Land Rover za umbo lile la zamani zilikoma kutengenezwa Januari 2016, hivyo kila iliyopo inazidi kuzeeka. Pili, bodi la aluminiamu haliingii kutu kama chuma, lakini chasi yake ni ya chuma. Gari laweza kung'aa juu na huku linaoza chini. Nyumba ya mwanachama nayo yaweza kuwa hivyo hivyo.

2. Hesabu inayofichika

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa mwanachama tutakayemwita Ndugu M. Ana shamba la kahawa na migomba, ng'ombe wawili wa maziwa na kazi ya useremala. Mapato yote ya nyumba yake kwa mwaka ni shilingi 6,600,000. Ana Land Rover anayoipenda, na kila wiki huitembeza. Akiulizwa, hujibu kwamba gari linajilipa, kwa kuwa hukodishwa kwenye harusi na kubeba ndizi hadi soko la Tengeru, na wanaolikodi hujaza mafuta wenyewe. Kwa bei za mfano, tuyaandike matumizi yake:

Petroli, lita 10 kila wiki kwa shilingi 3,000, wiki 52: 1,560,000
Vipuri na ujira wa fundi: 700,000
Matairi mawili: 500,000
Bima: 120,000
Jumla ya matumizi: 2,880,000
Toa mapato ya kukodisha: 480,000
Gharama halisi ya mwaka: 2,400,000

Kwa hiyo gari halijilipi. Linachukua shilingi 200,000 kila mwezi, yaani zaidi ya theluthi moja ya mapato ya nyumba nzima. Ndugu M si mlevi wala mvivu, na hakusema uongo kwa makusudi. Alikumbuka zile 480,000 kwa sababu zilikuja kwa mafungu makubwa, akazisahau zile 2,880,000 kwa sababu zilitoka kidogo kidogo: leo springi, kesho pampu ya maji, keshokutwa lita tano.

Tujue pia kwamba kodi ya gari haikwepeki kwa kutokuiona. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika mwaka wa fedha 2017/18, na mahali pake yakaongezwa shilingi 40 katika ushuru wa kila lita ya mafuta. Anayenunua lita nyingi analipa zaidi, ingawa hapewi stakabadhi ya ada.

3. Mwaka wa neema si kipimo

Kosa kubwa hufanyika wakati wa malipo ya kahawa. Mkulima hupokea fedha za msimu kwa mkupuo, akajiona tajiri kwa wiki tatu, na katika wiki hizo huagiza gia boksi. Asahaulicho ni kwamba mbuni una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupungua mwaka unaofuata, na kwamba bei haiko mikononi mwetu.

Wazee wetu wanayo mifano. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil. Bei ya dunia ikapanda mno, ikafika kilele mwaka 1977, kisha ikashuka. Mwezi Julai 1989 mfumo wa kugawana mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, na bei ikaporomoka. Katika nyakati zote mbili mkulima wa Meru hakuwa amebadili chochote shambani mwake. Aliyejifunga kwa matumizi ya mwaka wa neema alibaki na matumizi yale yale katika mwaka wa dhiki. Kwa sababu hiyo, gari la burudani lipimwe kwa msimu mbaya. Likimudika katika msimu mbaya, litamudika siku zote.

4. Nyumba nayo iwe na makisio na ukomo

Kila chama cha msingi hupitisha makisio ya mapato na matumizi katika mkutano mkuu, na huweka ukomo wa madeni ambao viongozi hawana ruhusa ya kuuvuka. Hakuna mwenyekiti anayeweza kununua gari la chama kwa kuwa amelipenda. Yafaa utaratibu huu uingie nyumbani. Mume na mke, pamoja na watoto waliofikia umri wa kuelewa, wakae na kuandika mahitaji kwa utaratibu huu:

(a) Chakula, matibabu na makazi.
(b) Shule. Ada katika shule za sekondari za Serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, madaftari, nauli na chakula vinabaki kwa mzazi, na Januari haingoji.
(c) Marejesho ya mikopo, hisa na akiba katika chama.
(d) Mbolea, dawa na utunzaji wa shamba.
(e) Akiba ya mwaka mbaya.
(f) Burudani, ndipo gari linapoingia.

Ndugu M na mkewe wakifanya hivyo, tuseme inabaki shilingi 700,000 baada ya (a) hadi (e). Wanakubaliana ukomo wa 600,000 kwa gari. Je, inawezekana? Litembee mara mbili kwa mwezi badala ya kila wiki: lita 240 kwa mwaka, shilingi 720,000. Bima 120,000. Fungu la vipuri na matairi 240,000. Jumla 1,080,000, toa mapato ya kukodisha 480,000, linabaki deni la nyumba la 600,000 kamili. Gari halikuuzwa, na shilingi 1,800,000 zimerudi katika familia. Kipuri kikizidi fungu, gari lisimame hadi fedha zipatikane. Gari lililosimama halilii njaa.

Tukumbuke pia kwamba burudani si haki ya mume peke yake. Ikiwa fungu la (f) lote limeingia katika gari, mke aulizwe naye moyo wake unapenda nini.

5. Wajibu wa katibu na wadhamini

Gari la burudani huwa jambo la chama pale mkopo unapoombwa kwa jina la mbolea na kutumika kwa gia boksi. Shamba halikupata mbolea, mavuno hayakuongezeka, na gia boksi haiwezi kurejesha mkopo. Mwisho wake wadhamini wawili, ambao hawakupanda gari hilo hata siku moja, hukatwa fedha zao. Hapo ndipo majirani wanapoacha kusalimiana, na chama kinapoanza kuvunjika.

Kwa hiyo makatibu wazingatie haya. Inapowezekana, mkopo wa pembejeo ulipwe kwa muuzaji wa pembejeo, au utolewe kwa vitu. Mdhamini aelezwe kiasi na kusudi la mkopo kabla ya kutia sahihi. Mwanachama anayechelewesha marejesho aitwe faraghani, ikiwezekana pamoja na mwenzi wake, wala asitahayarishwe mkutanoni. Na pale nyumba ya familia inapotolewa kuwa dhamana, ridhaa ya mwenzi itakiwe kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inailinda nyumba ya wanandoa isiwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi, na sheria hiyo hiyo inampa baba wajibu wa kuwatunza watoto wake. Haisemi popote kwamba wajibu huo husimama wakati gari liko gereji.

Mwanachama mwenye mapenzi ya gari si adui wa ushirika. Bidii anayoitumia kuisikiliza injini ni bidii ile ile inayotakiwa katika kuisikiliza hesabu ya nyumba yake. Anunue daftari moja, aliweke ndani ya gari, aandike kila lita na kila boliti, na mwisho wa mwezi alisome mbele ya mkewe.

Maswali ya kujadili katika mikutano ya wanachama

1. Orodhesha matumizi ya gari, pikipiki au burudani nyingine ya nyumbani kwako kwa miezi 3. Ni sehemu gani ya mapato yako?
2. Ikiwa bei ya kahawa itashuka kwa nusu msimu ujao, ni fungu gani utakalolipunguza kwanza, na kwa nini?
3. Mwanachama ameomba mkopo wa pembejeo, na kamati ina habari kwamba gari lake liko gereji. Katibu afanye nini bila kumdhulumu wala kuwahatarisha wadhamini?