MPAGAZI NI MFANYAKAZI MWENZAKO



Likizo imefika. Umetoka machimboni, umeshuka Baraka, na kijiji cha wazee kiko juu, katika milima ya Itombwe, mahali gari haifiki. Unatafuta kiongozi anayejua njia na vijana wawili wa kubeba mizigo. Mtatembea siku tatu. Tangu saa hiyo umekuwa kapita. Kazini kapita anachunga maisha yako. Mlimani wewe utachunga maisha ya wengine. Hilo ndilo somo letu la leo.

1. Baridi

Baraka iko kando ya Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya bahari. Uwanda wa Minembwe unapita mita 2,000, na Mohi, mlima mrefu kuliko yote ya Itombwe, una mita 3,475. Kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua digrii 6 hivi. Usiku, pamoja na mvua na upepo, baridi inazidi.

Mtu aliyelowa akianza kutetemeka, kujikwaa na kusema maneno yasiyo wazi, simamisheni safari. Mvueni nguo zilizolowa, mvikeni kavu, mfunikeni mpaka kichwa, mpeni chai ya sukari kama anaweza kumeza. Pombe hapana: inamdanganya kuwa amepata joto, kumbe joto la mwili linatoka nje. Akiacha kutetemeka na mwili bado ni baridi, msidhani amepona. Amezidiwa, abebwe mpaka kituo cha afya kilicho karibu.

2. Mzigo

Mababu zetu waliujua uchungu wa mzigo. Katika vita vya 1914-1918 jeshi la Wabelgiji lilitumia wapagazi zaidi ya 200,000. Wengi walikufa njiani kwa magonjwa, njaa na uchovu. Tusirudishe siku hizo kwa ajili ya masanduku yetu.

Kule Kilimanjaro, mahali wageni wanapanda pamoja na wapagazi mwaka mzima, kanuni ni kilo 20 kwa mpagazi mmoja, na mizigo inapimwa mlangoni. Fuata kanuni hiyo. Pima mizigo kwa mzani wa sokoni kabla ya kuondoka. Ikizidi, ongeza mtu au punguza vitu.

Hesabu pia chakula. Watu wanne wa jamaa, kiongozi na wapagazi wawili ni watu saba. Nusu kilo ya unga kwa mtu kila siku, siku tatu, ni kilo 10 na nusu. Wengi wanahesabu chakula cha jamaa peke yake; halafu mwenye mzigo mzito ndiye analala njaa, na kesho yake ndiye anateleza.

Wewe huingii shimoni bila kofia na buti. Basi muulize mpagazi: una viatu? Una koti la mvua? Una blanketi? Anachokosa, mwazime. Mapatano ya malipo yafanyike mbele ya mashahidi, na siku zake za kurudi zihesabiwe.

3. Mwendo

Mchovu kuliko wote ndiye anayepima mwendo. Kiongozi atangulie, mtu mwenye nguvu afunge nyuma. Asibaki mtu peke yake.

Ondokeni alfajiri, kwa sababu mlimani mvua na radi hupenda kuja alasiri, na milima ya mashariki ya Kongo ni kati ya mahali radi inapiga sana duniani. Mkisikia ngurumo, shukeni kutoka kileleni na msijifiche chini ya mti ulio peke yake. Mto ukijaa, ngojeni maji yapungue. Miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, ndiyo mizuri kwa safari.

4. Homa na kuhara

Mbu wa ziwani anakuuma Baraka, lakini malaria huanza siku 7 au zaidi baadaye, wakati umekwisha kufika juu. Usiseme, "Ni baridi tu ya mlima." Kila mwenye homa apimwe damu upesi, hasa mtoto na mama mjamzito.

Kipindupindu kinajulikana sana Fizi na Baraka. Maji ya kunywa yachemshwe. Anayehara apewe mara kwa mara maji haya: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, halafu apelekwe kwa muganga. Na mpagazi apate dawa ile ile unayompa mtoto wako.

5. Njia

Milima hii imeona vita vingi. Ulizeni habari kwa chifu, kwa wachuuzi wanaoshuka sokoni na kwa waganga wa kituo. Kiongozi akisema njia ni mbaya, ahirisheni, hata kama chakula kimekwisha kununuliwa. Kazini hatuingii mahali ambapo mwamba unalia. Mlimani ni vile vile.

Maswali ya kujibu nyumbani

– Mzigo wetu una kilo ngapi, na wapagazi ni wangapi?
– Nani atafunga nyuma?
– Mpagazi akiugua siku ya pili, nani atabeba mzigo wake, na nani atamsindikiza?

Kama swali la tatu halina jibu, msiondoke bado. Safari imekwisha salama siku ile mpagazi naye amerudi kwao mzima.