Somo kwa Makatibu na Makarani: Kibodi na Tachipadi Zinaponyamaza kwa Pamoja



Msimu wa kahawa unapofunguliwa, foleni huanza mapema mlangoni pa ghala. Mwanachama ameleta maganda yake, yamepimwa, naye anangoja stakabadhi. Ghafla kompyuta ya chama, ile ya kioo kinachogeuka mpaka nyuma, haipokei tena maandishi. Vibonye vinabonyezwa, herufi hazitokei. Kidole kinapitishwa juu ya tachipadi, yaani kile kisahani cha mstatili kilicho chini ya vibonye, lakini mshale hausogei. Taa zinawaka, na saa iliyo pembeni mwa kioo inatembea. Karani anatangaza kuwa mashine imekufa, na jioni ile ile Bodi inaombwa kuidhinisha fedha za fundi wa mjini.

Somo hili limeandikwa ili idhini hiyo isitolewe kwa haraka. Fedha hizo ni za wanachama, na mara nyingi mashine haikufa.

Tuanze kwa kufikiri kabla ya kugusa. Kibodi na tachipadi ni viungo viwili. Katika mashine nyingi kila kimoja kina utepe wake wa nyaya unaokiunganisha na ubao mkuu wa ndani. Ni nadra viungo viwili kufa dakika moja, kama ilivyo nadra mizani miwili ya ghala kuharibika asubuhi moja. Vinaponyamaza kwa pamoja, na hakuna chai iliyomwagika wala mashine haikuanguka, tushuku kwanza kwamba kipo kitu kimoja kilichoviamuru vinyamaze.

Katika kompyuta za kugeuzwa kitu hicho kipo, tena kimewekwa makusudi. Tangu Lenovo ilipotoa Yoga yake ya kwanza mwaka 2012, makampuni mengi yametengeneza mashine zenye bawaba zinazozungusha kioo nyuzi 360, hadi mashine ikawa kama vile vishikwambi walivyobeba makarani wa Sensa ya mwaka 2022. Kioo kikiwa nyuma, vibonye hutazama chini na kugusana na meza au vidole vya mshikaji. Vingeachwa hai, vingeandika upuuzi katikati ya hesabu. Kwa hiyo mashine huvizima yenyewe, na tachipadi pamoja navyo, kisha huviamsha kioo kirudipo mahali pake.

Mashine inajuaje jinsi ilivyokaa? Kila mmoja wetu amemwona fundi mwashi akining'iniza timazi ili ajue ukuta umesimama wima. Baadhi ya mashine hizi zina vihisi viwili vidogo vinavyofanya kazi ya timazi, kimoja ndani ya kioo na kingine ndani ya kitako. Mashine hulinganisha vyote viwili na kukadiria pembe iliyo kati yao. Nyingine hutumia kisumaku kidogo upande mmoja na kihisi cha sumaku upande wa pili. Njia zote mbili hudanganyika. Mashine iliyosimamishwa kwa ubavu, bawaba ikielekea juu kama kitabu kilichosimama rafuni, inaweza kushindwa kukadiria pembe, kwa maana katika mkao huo timazi zote mbili huonyesha jambo moja hata kioo kigeuke vipi. Na simu yenye mfuko wa kufungwa kwa sumaku, ikilazwa kando ya vibonye, inaweza kumwambia kihisi kwamba kioo kimegeuzwa. Ni makarani wangapi huweka simu papo hapo wakingoja ujumbe wa fedha? Spika ndogo ya redio nayo ina sumaku, wala si ndogo.

Mwandishi wa somo hili ana deni la kukiri. Aliwahi kupanda gari kutoka Muleba hadi Bukoba mjini akiwa amepakata mashine iliyonyamaza, moyoni akiwa ameshapanga maneno ya kuieleza Bodi. Fundi aliifunga kabisa, akaifungua polepole juu ya meza tupu, akaandika jina lake mwenyewe, akairudisha. Hakutoza kitu. Nauli ya kwenda na kurudi, hata hivyo, ilikwisha kulipwa.

Basi jaribio la kwanza ni lile lile la fundi. Ondoa simu, spika na kila chenye sumaku. Weka mashine juu ya meza iliyo sawa, wala si juu ya mashine nyingine, kwa kuwa nayo ina sumaku zake. Funga kioo kabisa, hesabu hadi 10, kisha fungua hadi mkao wa kawaida wa kuandikia. Hakikisha bawaba imerudi mahali pake na hakuna kilichoikwaza. Katika mwezi wa Novemba, senene wanapofuata taa za ofisi usiku, si ajabu kukuta bawa au mguu mahali usipotakiwa.

Ikiwa bado kimya, gusa kioo chenyewe. Kioo cha mashine hizi hupokea kidole, na hiyo ndiyo bahati yetu. Gusa mahali pa kuandikia. Kibodi ya picha ikijitokeza yenyewe chini ya kioo, ni dalili kwamba mashine bado inajiona kuwa kishikwambi. Kwa kibodi hiyo ya picha unaweza kumalizia stakabadhi na kuhifadhi kazi, polepole lakini kwa usahihi, na foleni ikasogea. Hata penye kuingiza neno la siri, chini upande wa kulia, iko alama ya huduma za ufikivu inayoileta. Kibodi ya nje yenye waya nayo hufanya kazi ile ile; angalia tu kama tundu la mashine yako linahitaji kiunganishi.

Kazi ikishahifadhiwa, anzisha mashine upya. Hapa wengi hukosea. Kwenye Windows, kuzima kwa Shut down mara nyingi si kuzima kamili, kwa maana sehemu ya mfumo huwekwa akiba diskini ili uwashaji uwe wa haraka, na kosa lililokuwamo linaweza kuamka pamoja nayo. Chagua Restart. Isiposaidia, zima, chomoa chaja, ushikilie kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki utoke, kisha washa tena.

Liko pia jambo dogo linalohusu vibonye peke yake. Kibonye cha Shift cha kulia kikibanwa kwa sekunde 8, Windows huuliza kama ianze kupuuza mibonyezo mifupi. Daftari la mizani likilazwa juu yake linaweza kubana hivyo, na mtu akikubali bila kusoma, vibonye huonekana vimekufa. Dawa ni kukibana tena sekunde 8.

Jaribio linaloamua kati ya ugonjwa wa programu na ugonjwa wa mwili ni hili. Wakati wa kuwasha, gonga F2 mfululizo, au F10 kwa mashine nyingi za HP, ili uingie kwenye ukurasa wa BIOS, ambao hutokea kabla Windows haijaanza. Vibonye vya mishale vikiisogeza alama humo, kibodi ni nzima, na tatizo liko katika mfumo au katika draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa. Toka bila kubadili chochote, halafu mwombe anayejua akuondolee draiva ya kibodi na kuirudisha; ni kazi fupi. Lakini vibonye visipojibu hata huko, baada ya majaribio yote yaliyotangulia, sasa yafaa kufikiri juu ya utepe uliolegea au kifaa kilichoungua, na fundi ana haki ya kuitwa.

Yako mambo mawili yasiyotaka majaribio. Tachipadi ikiwa imeinuka, au kitako kimevimba hata mashine haikai sawa mezani, betri imevimba. Zima, usichaji, usibonyeze, usitoboe. Inaweza kuwaka moto. Na kimiminika kikimwagika, zima papo hapo, chomoa chaja, inamisha mashine kama hema vibonye vikitazama chini, uiache hivyo siku mbili kivulini. Kuianika juani pamoja na kahawa ni kuiharibu mara ya pili.

Jambo la mwisho ni zito kuliko kibodi yenyewe. Mafundi wengi, wakishindwa kuona tatizo, hushauri kile kinachoitwa mitaani kupiga Windows, yaani kuweka mfumo upya. Kazi hiyo yaweza kufuta kila kilichomo. Kumbukumbu zilizokwisha kuingizwa katika MUVU haziko ndani ya mashine, kwa hiyo hazipotei. Lakini jedwali la kilo za wiki hii, lenye majina na namba za akaunti za benki za wanachama, huenda liko humo peke yake, na mwanachama asiyeonekana katika orodha hatalipwa kwa wakati. Kwa hiyo nakili majalada kwenye flashi kabla mashine haijatoka ofisini, mwandikie fundi kwa karatasi kwamba haruhusiwi kufuta kitu bila idhini ya Katibu, na daftari la wino lisiache kuandikwa. Makarani wa BNCU, chama kilichoanza Bukoba mwaka 1950, walifanya hesabu zote kwa daftari hilo.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi: Je, katika ofisi yenu simu huwekwa wapi wakati wa kuandika? Nakala ya mwisho ya orodha ya wanachama ilichukuliwa tarehe gani, na flashi hiyo iko kwa nani? Mashine ikinyamaza kesho saa 3 asubuhi, ni nani ataendelea kuandika stakabadhi kwa mkono, na je, vitabu vya stakabadhi vipo kabatini?