Diski ya Kompyuta Mpakato Inapoyumba
Diski ya SSD haina kipande kinachozunguka, hivyo aghalabu huharibika kimya, bila mlio wa kuonya kama diski za zamani. Kompyuta ikiganda mara kwa mara, au ikiwaka bila kuitambua diski, mtumiaji anakili faili zake kwanza, matengenezo yafuate. Fundi aichomoe na kuichomeka upya, maana pengine kasoro ni ya kiunganishi tu, kisha asome taarifa za afya ya diski. Asiifomati kabla ya kunakili: hesabu za duka zikipotea, hakuna fidia inayozirejesha. Kwa wanunuzi wa Tunduma, ambako bidhaa huvuka kutoka na kwenda Nakonde kila siku, tunasisitiza risiti inayotaja namba ya utambulisho ya kompyuta na muda wa dhamana. Muuzaji asiyetaka kuiandika, tunashauri aachwe na kompyuta yake.