Je, Vijana Wetu Waione Filamu Hii ya Vita?

 

 

Wiki tatu zilizopita vijana wa madrasa waliniletea ombi. Wanataka wakati wa likizo tuwaonyeshe katika sale yetu filamu iitwayo Lion of the Desert, inayomhusu Shehe Omar al-Mukhtar wa Libya. Nakala wanayo kwenye flashi, projekta tutaazima, na mafuta ya jenereta walisema watachangishana wenyewe. Nilidhani ni jambo la dakika mbili. Omar al-Mukhtar alikuwa mwalimu wa Qur'ani, mzee wa miaka zaidi ya 70, aliyepigana na Waitaliano karibu miaka 20 mpaka wakamnyonga tarehe 16 Septemba 1931 mbele ya watu wake. Mwalimu wa chuo gani atakataa wanafunzi wake wamjue mwalimu mwenzake wa namna hiyo? Nikawaambia inshaallah.

Baada ya swala ya isha wazazi wakanisimamisha mlangoni. Mama mmoja akasema: "Shehe, mwanangu alilala chini ya kitanda siku nne, Januari 2025. Mpaka leo upepo ukipiga mlango anaruka. Unataka kumrudisha kule kule?" Kabla sijajibu, baba mmoja akaingilia: "Ndiyo maana wazoee. Mtoto wa Goma akiogopa mlio wa risasi, atakwenda kuishi wapi?" Wa tatu alitaka tuanze kwanza na hukumu ya picha yenyewe, na huyo nilimwambia hilo ni darsa lingine, tutalifikia kwa siku yake.

Sikuweza kumjibu yeyote kati yao, kwa sababu filamu yenyewe niliiona zamani sana, kwenye video, na nilikumbuka farasi tu. Basi nikaiazima ile flashi nikaitazama nyumbani usiku, mara mbili. Inakaribia masaa matatu. Na hili ndilo la kwanza ninalotaka kumwambia mzazi: usiikubali wala usiikataze filamu kwa jina lake. Itazame. Wengi wetu tunaruhusu kwa sababu mhusika ni Muislamu, au tunakataza kwa sababu jirani amekataza. Wakati ule ilipotoka Rambo ya tatu, mwaka 1988, nawakumbuka watu wazima walioisifu eti ni filamu ya dini, kwa sababu Rambo anawasaidia mujahidina wa Afghanistan! Hawakuuliza kitu kingine.

Lion of the Desert ilitengenezwa na Moustapha Akkad, yule yule aliyetengeneza The Message mwaka 1976, ambayo wengi wetu tumeiona. Hii ya pili ilitoka mwaka 1981, na gharama zake zililipwa na serikali ya Gaddafi. Italia waliizuia mwaka 1982, wakisema inachafua heshima ya jeshi lao, na haikuonyeshwa kwenye televisheni ya kwao mpaka mwaka 2009. Nataja haya ili vijana wajue kwamba filamu ina mwenyewe, na mwenyewe ana haja yake. Hata filamu inayotupendeza.

Ndani yake mna nini? Mna vita vya wazi, vifaru na farasi, na wapiganaji wanaojifunga miguu ili wasikimbie. Hizo ndizo sehemu ambazo vijana watapiga makofi. Lakini pia mna wanaume wa kijiji wanaotolewa na kupigwa risasi mbele ya wake zao. Mna mashamba yanachomwa. Mna kambi iliyozungushiwa waya, watu wamekonda, na kuna kunyongwa. Niliposikia wanawake wa filamu wanalia, nilizima. Nilikaa kidogo gizani. Sisi wa mji huu tunakijua kilio kile, nacho hakina lugha. Nilimkumbuka yule mama wa mlangoni, nikaona ana haki.

Kuna kisa katika Sira, alichokisimulia Ibn Is'haq, ambacho nadhani hatukisomeshi vya kutosha. Baada ya Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra, Bilal (R.A.) alikuwa anamleta Safiyya na mwanamke mwingine kwa Mtume (S.A.W.), akawapitisha njia yenye maiti za watu wao. Yule mwanamke mwingine akapiga kelele, akajipiga usoni, akajimwagia vumbi kichwani. Mtume akamkemea Bilal, akamuuliza kama huruma imeng'olewa ndani yake hata akawapitisha wanawake wale mbele ya maiti za wanaume wao. Zingatieni ndugu zangu. Bilal hakumuua mtu pale, wala hakumtukana mtu. Alichagua njia tu, na njia nyingine zilikuwepo. Na Safiyya siku ile alikuwa bado msichana, wengi wa wanaosimulia wanasema alikuwa na miaka 17, umri wa mabinti wetu wa kidato cha mwisho.

Kwa hiyo kumpitisha mtoto mbele ya maiti si jambo dogo, hata kama maiti ni za filamu na damu ni rangi. Aliyempoteza baba yake kwa risasi, jicho lake halitofautishi haraka namna hiyo. Hapa namjibu yule baba aliyesema wazoee. Baba, mtoto anayeruka mlango ukigonga hajakosa mazoea, mazoea anayo mengi kuliko wewe na mimi tulivyokuwa katika umri wake. Kinachomsumbua ni kwamba jambo halijakwisha ndani yake. Kumuongezea hakumkomazi.

Lakini upande wa pili nao upo, na hapa sikubaliani na waliosema tuzuie kabisa. Katika Bukhari tunasoma kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini, na Mtume (S.A.W.) akamwacha Bibi Aisha (R.A.), naye bado kijana, atazame nyuma yake mpaka alipochoka mwenyewe. Mchezo wa silaha ulitazamwa, na ulitazamwa akiwa pamoja na mkubwa wake, si peke yake wala kwa kujificha. Je, sisi tunaozuia filamu tunajua watoto wetu wanatazama nini kwa kujificha? Mwisho wa Januari 2025 maiti zilikuwa barabarani, na video zake zikapita simu kwa simu. Ziko mpaka leo kwenye simu za watoto wa miaka 12. Hazina mwalimu wala maelezo, na anayechukua picha pengine anacheka. Mzazi akinikataza filamu ya Omar al-Mukhtar, kisha akamwachia mtoto simu ile usiku kucha, sijui tumelinda nini.

Na nitawaeleza jambo nililoliona mwenyewe. Miaka ya 1990 nilikuwa kijana wa ishirini na kitu, nikisaidia kufundisha watoto. Pale Birere kulikuwa na kibanda cha video, mbao na karatasi nyeusi madirishani, unalipa kidogo unaingia. Kulikuwa na wavulana wanne wa mtaa wetu ambao hawakutoka mle. Walifunga vitambaa vyekundu kichwani. Wakubwa walicheka, na mimi nilicheka nao. Mwaka 1996 vita vya AFDL vilipofika, wale waliokuja kuitwa kadogo walichukuliwa kwa maelfu, na wawili kati ya wale wanne walikwenda kwa miguu yao wenyewe. Mmoja alikuwa na miaka 14. Alirudi mmoja, hakuwa yule wa miaka 14.

Sisemi video iliwapeleka. Kulikuwa na njaa, shule zilifungwa, na kuna waliochukuliwa kwa nguvu bila kuona filamu hata moja. Lakini video iliwaambia uongo mmoja ambao hakuna mtu mzima aliyekaa pembeni kuukanusha: kwamba unayempiga risasi anaanguka tu, hana mama. Mtu mmoja anaua watu mia, na hakuna hata mmoja katika mia wale ambaye filamu inakwenda nyumbani kwake kuangalia nani analia. Toka siku hiyo, nikitazama filamu ya vita, sihesabu damu. Naangalia maiti ina jina au haina. Naangalia anayeua anafanywa wa kuchekesha au la, na kama kuna mtu katika hadithi anayeweza kuua na akajizuia.

Kwa kipimo hicho Lion of the Desert imepita. Mna sehemu ambapo wapiganaji wamemkamata afisa kijana wa Kitaliano na wanataka kumuua, kwa sababu Waitaliano wanawaua mateka wao. Mzee anakataa. Anamrudishia bendera yake, anamwambia aende. Sehemu hii ni fupi, na vijana wasipoelekezwa itawapita wakisubiri vifaru. Kwangu mimi ndiyo filamu nzima. Ni yale yale ambayo Abu Bakr (R.A.) aliwausia majeshi yake, wasiue mwanamke, mtoto wala mzee, na wasikate mti wenye matunda. Katika mji wetu nani mwingine atawafundisha vijana kwamba adui yako akifanya ubaya, hukulazimika kuufanya?

Limebaki suala la umri. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaweka alama juu ya filamu. Alama hizo zinasaidia, lakini ziliwekwa na watu wanaomfikiria mtoto wa kwao. Filamu hii huko Marekani ilipewa PG, yaani mtoto aweza kuitazama mzazi akimwongoza, na alama ya PG-13 haikuwepo mpaka mwaka 1984. Kinshasa nako iko tume ya sansuri, lakini hiyo twaisikia zaidi katika mambo ya nyimbo. Basi tutazame kwetu. Abdullah bin Umar (R.A.) alisimulia kwamba siku ya Uhud alipelekwa mbele ya Mtume (S.A.W.) akiwa na miaka 14, hakuruhusiwa kupigana. Siku ya Khandaq alikuwa na 15, akaruhusiwa. Ipo katika Bukhari na Muslim. Mtume aliwakagua wavulana mmoja mmoja, na wengine aliwarudisha nyumbani japokuwa walikuwa na hamu. Asitokee mtu akaitumia hadithi hii kumpeleka kijana wa miaka 15 porini leo. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na kumuingiza katika jeshi au kikundi chochote chenye silaha ni marufuku. Mimi naichukua kwa kutazama tu: 15 na zaidi.

Baada ya kushauriana na kamati, na kuwarudia wale wazazi wawili, tumekubaliana hivi. Filamu itaonyeshwa Jumapili mbili, sio siku moja, kuanzia baada ya swala ya adhuhuri, na tutasimama alasiri ikiingia. Walio chini ya miaka 15 hawataingia, hata wakija na kaka zao. Kila kijana aje na baba, mama, au mkubwa wa nyumba yao, naye akae ndani mpaka mwisho, asimwache mlangoni akaenda sokoni. Sauti tutaipunguza wakati wa risasi, kwa sababu majirani nao wana watoto. Mlango utakuwa wazi, na anayetaka kutoka atatoka bila kuulizwa wala kuchekwa. Nitakuwa nimekaa nyuma karibu na mlango huo. Pale penye afisa wa Kitaliano nitasimamisha, tutazungumza, ndipo tuendelee.

Yule mama alisema mwanawe, mwenye miaka 16, hatakuja. Nikamwambia ni sawa, yeye ndiye mchunga wa nyumba yake. Juzi kijana mwenyewe alikuja baada ya maghribi kuniuliza mwisho wa hadithi. Nikamweleza kwamba mzee alipokuwa ananyongwa miwani yake ilianguka, na mtoto mdogo akaiokota. Akauliza yule mtoto alikuwa nani. Sikumjibu. Akaniambia basi ataomba ruhusa kwa mama yake aje Jumapili ya pili tu.

Wenye viti vya plastiki wavilete Jumamosi. Mafuta ya jenereta bado hayajatimia.